Kufungua, Kuchomoa, Kuchinja

Kwenye karakana za jua kali pale Migori kuna vitenzi vitatu vya kutoa kipuri kwenye gari, na ukikaa huko siku mbili tatu utagundua kwamba kila kimoja kina maana yake. Gari hufunguliwa. Kipuri huchomolewa. Na gari likishafika mwisho wake, huchinjwa. Mikono ni ile ile, spana ni zile zile, jasho ni lile lile. Ukimpiga fundi picha akiwa amelala chini ya gari, picha hiyo haiwezi kukwambia ni kitenzi gani kinaendelea. Lakini kila mtu karakanani anajua. Wa kwanza analipwa, wa tatu analipwa, na wa pili akishikwa atapigwa.

Swali langu ni dogo tu: tofauti yao iko wapi hasa?

Mimi si fundi. Huandika makala za kulipwa kwa neno, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandikia kwenye kibanda cha soda kando ya karakana kwa sababu hapo stima haipotei ovyo. Ukikaa karibu na watu wanaofungua vitu kila siku, akili nayo inaanza kufungua vitu. Swali lilinikaa kabisa nilipofuatana na mzee mmoja fundi hadi Homa Bay, kupitia Awendo na Rongo halafu Rodi Kopany, kwenda kutoa vyuma vya nyuma vya Volkswagen Beetle ya mwalimu aliyekuwa ameshafariki.

Wengi wa rika langu wanaijua Beetle kama gari la kupigia picha za harusi. Tungewauliza wazee wangetucheka. Mbio za Safari zilipoanza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa udongo mtupu, na mvua ikinyesha zinageuka matope. Mwaka wa 1954 Vic Preston na D.P. Marwaha walishinda wakiwa na Beetle. Ikashinda tena 1957, na tena 1962. Injini yake ndogo imewekwa nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma gari, kwa hivyo kwenye matope uzito unakaa mahali unapohitajika. Magari makubwa yenye injini mbele yalizungusha magurudumu na kuzama, nayo ikapita.

Beetle ina ndugu tajiri. Aliyeichora, Ferdinand Porsche, ndiye ambaye jina lake liko kwenye yale magari ya mbio ya Stuttgart, na Porsche 356 ya 1948 ilianza maisha ikitumia vyuma vya Beetle. Ile 911 iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1963 ilibeba injini nyuma vilevile, na hadi 1989 nyuma yake ilishikiliwa kwa mtindo wa Beetle: haina springi ya kuzunguka, ina fimbo ya chuma inayojipinda. Porsche ilikuja Safari na pesa nyingi ikamaliza ya pili 1972, ya pili 1974 na ya pili 1978. Hiyo ya 1974 ilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akiendesha Mitsubishi Lancer. Ilibidi 911 isubiri hadi uzeeni, kwenye mbio za magari ya zamani, ndipo Björn Waldegård akashinda nayo 2011 na Stig Blomqvist 2015. Nilipomwambia fundi habari hizi njiani, hakushangaa. Alisema, “Nyathina, mimi sijawahi kufungua Porsche. Lakini nimefungua babu yake mara nyingi.”

Sasa nieleze vile babu anavyofunguliwa, manake hoja yangu imejificha kwenye kazi yenyewe.

Chini ya kiti cha nyuma cha Beetle kuna bomba nene linalokatiza gari kutoka kushoto hadi kulia. Ndani yake mna fimbo mbili za chuma kigumu, moja kila upande. Mafundi wa zamani wanaziita toshenibaa. Mwisho wa ndani wa kila fimbo una meno 40 yanayoshikwa katikati ya bomba, na mwisho wa nje una meno 44 yanayoshika bamba la chuma linaloelekea nyuma hadi kwenye ekseli. Gurudumu likipanda tuta, bamba linainuka na fimbo inajipinda. Tuta likiisha, fimbo inajinyoosha. Meno yametofautiana idadi makusudi: ukisogeza jino moja ndani na jino moja nje kwa upande wa kinyume, bamba linahama kwa chini ya digrii moja. Kiwandani mtu alikaa akapanga hayo ili gari lisimame sawasawa.

Fimbo hiyo haipumziki kabisa. Hata ukiinua gari kwa jeki na kung'oa magurudumu, bamba bado limekaa juu ya ukingo wa chuma, na fimbo imebaki imepindwa kiasi. Kuna nguvu iliyofungiwa mle tangu siku gari lilipoundwa. Ukiling'oa bamba kwenye ukingo ule bila jeki chini yake na mnyororo juu yake, linaruka, na likikukuta umeweka mkono au uso, basi. Fundi alinionyesha kovu la kwenye kiganja chake, akasema ni la 1980 na kitu, akaendelea na kazi.

Kabla ya kulegeza nati hata moja alifanya kitu ambacho kwangu kilionekana kama kupoteza wakati. Alisugua kutu pale bamba linapokutana na ekseli, kwa brashi ya waya, mpaka chuma kikang'aa. Halafu akachukua tindo na nyundo akapiga mkwaruzo mmoja unaopita juu ya vyote viwili: nusu ya mkwaruzo ukabaki kwenye bamba, nusu kwenye ekseli. Mashimo ya bolti pale si ya duara, yamerefushwa, kwa hivyo usipoweka alama, siku ya kurudisha utakuwa unabahatisha. Gari litatembea, ndiyo, lakini magurudumu ya nyuma yataangalia pembeni, yatakula tairi, na kwenye kona ya mvua nyuma itataka kutangulia mbele. Fimbo nazo alizipaka rangi: KUSHOTO, KULIA. Zinafanana kama mapacha lakini kila moja ilikandamizwa kiwandani kujipinda upande wake. Ukizibadilisha, ipo siku itakatika. Na alizishika kwa kitambaa, kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye rangi yake unaingiza kutu, na kutu inaingiza ufa.

Turudi kwenye swali. Jibu la kwanza ambalo watu wengi hutoa ni nia. Fundi anafungua akitaka kutengeneza, mwizi anachomoa akitaka kuiba, mchinjaji anataka nyama. Jibu hili linavutia, lakini halisimami ukiliangalia kwenye uwanja wa karakana yoyote hapa kwetu. Nyuma ya kile kibanda changu kuna magari manne yaliyokaa juu ya mawe. Yote yalifunguliwa kwa nia njema kabisa. Mwenyewe alitaka gari lirudi barabarani, kijana alitaka kulitengeneza, kisha pesa ikaisha, au kijana akapata kazi Nairobi, na bolti zimebaki kwenye gunia moja zimechanganyika. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekusudia ubaya. Na magari yale yamekufa kifo kile kile ambacho yangekufa yakiibiwa. Nia njema ilikaa kichwani mwa mtu, na mtu alipoondoka, akaondoka nayo.

Jibu la pili ni ruhusa. Mwenye mali akikubali, ni halali, asipokubali, ni wizi. Hili lina nguvu zaidi, na sheria inalisimamia. Pale Homa Bay ndipo nilipoona kwamba hata ruhusa haimalizi maneno.

Mama mwenye gari, mjane wa yule mwalimu, alikuwa ametoa ruhusa. Mnunuzi wa Nairobi anayefufua magari ya zamani alitaka vyuma vya nyuma peke yake, kwa sababu Beetle ya mwisho duniani ilitoka kiwandani Mexico mwaka wa 2003, na baada ya hapo ukitaka chuma halisi ni mpaka gari moja litoe ili lingine lipate. Bei ilikubaliwa kwa simu. Karatasi zote zilikuwa na jina la mama. Kisheria tulikuwa wasafi.

Lakini gari lile lilikuwa limeshafunguliwa mara moja kabla yetu. Injini haikuwepo. Ilitolewa miaka iliyopita, mwalimu akiwa amelazwa, na mpaka leo hakuna mtu wa boma lile anayesema ni nani aliyeitoa. Injini ya Beetle hushikwa na bolti nne tu, watu wawili wanaojua kazi hawahitaji muda mrefu. Fundi aliinama akaangalia pale ilipokuwa, akaniita. “Ona nyaya,” akasema. Zilikuwa zimekatwa kwa koleo. Hazikufunguliwa. Bomba la petroli liliachwa wazi, likamwaga hadi tangi likakauka. Akanieleza kwamba hivyo ndivyo unavyojua. Mtu anayefungua hukumbuka kwamba kuna mtu atakayefunga. Mtu anayechomoa, kwake dunia inaisha pale anapomaliza kubeba.

Mama alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Akauliza swali moja tu: “Mkishatoa hivyo vyuma, gari itasimama?”

Mnunuzi, aliyekuwa kwenye simu, akasema liwekwe juu ya mawe, mbona magari yote huwekwa juu ya mawe. Kusema kweli, na mimi niliona hivyo. Fundi alikataa. Akaonyesha kwa kidole wajukuu watatu waliokuwa wakicheza nyumba-nyumba ndani ya gari lile lile, mmoja akiwa dereva. Jiwe likiteleza kwenye mvua, akasema, bodi itakaa chini, na walio chini yake pia. Alifunga safari hadi mjini Homa Bay, akachomelewa stendi mbili za chuma, na nusu ya malipo yake ikaishia huko. Mnunuzi hakuchangia. Alisema yeye ananunua vyuma, hanunui matatizo ya watu.

Sentensi hiyo ya mnunuzi nimeifikiria sana, kwa sababu kwa mantiki ya ruhusa alikuwa sahihi. Mama alikubali, bei ilikubaliwa, kilichobaki si chake. Lakini vyuma vile vilikuwa na kazi. Vilikuwa vimebeba gari. Ukinunua kinachobeba mzigo na kukiondoa, mzigo haujaondoka nacho. Uko pale pale, na sasa umebebwa na jiwe, au na mtoto. Ruhusa inasema ni nani mwenye kitu. Haisemi ni nani atakayebeba kile kitu kilichokuwa kinabeba.

Mtu atanipinga hapa: basi kuchinja gari ni dhambi? Magari yote yatunzwe mazima hadi yaoze, kwa heshima? Hapana. Hebu angalia kitenzi chenyewe. Kuchinja, tofauti na kuchomoa, ni tendo lenye utaratibu. Ng'ombe akichinjwa kwenye boma la Wajaluo, kuna watu wanaojua kabla ya kisu ni sehemu gani inakwenda kwa nani. Muislamu anachinja kwa jina la Mungu na kwa kisu kikali, mnyama asiteseke. Hakuna anayejificha. Watu wanaona, wanahesabu, wanagawana. Fundi anayechinja gari mchana, mwenyewe akiwepo, kila chuma kikitajwa jina na bei, anafanya jambo la heshima. Gari moja linaondoka ili mengine manne yatembee. Kipuri kinachochomolewa hakina shahidi. Ndiyo maana kuna ule utani wa Nairobi, kwamba ukiibiwa saidi mira usiku, asubuhi nenda Grogan ukainunue tena. Inachekesha kwa sababu kila mtu pale anajua, na hakuna shahidi.

Kwa hivyo jibu langu ni lile tindo. Tofauti kati ya vile vitenzi iko kwenye alama: je, aliyetoa ameacha kitu cha kumsaidia mtu asiyemjua, atakayekuja baada yake?

Nilipomweleza rafiki yangu hivi, alinipinga vizuri. Alisema hata mwizi stadi huweka alama. Anayeuza vipuri vya wizi huvipanga, huviandika kushoto na kulia, hata kuvisafisha, manake vikiwa hivyo vinapata bei. Basi alama inathibitisha ustadi tu, haithibitishi wema.

Ni kweli, na hoja hiyo ilinifanya niangalie mkwaruzo ule tena kwa makini. Alama ya fundi ilipita juu ya vyuma viwili. Nusu iliondoka na bamba kwenda Nairobi, nusu ilibaki Homa Bay kwenye ekseli. Moja bila nyingine haina maana. Mwizi huweka alama kwenye anachobeba. Hawezi kuweka alama kwenye anachoacha, kwa sababu alama hiyo ingekuwa ushahidi. Anayekata waya kwa koleo haachi upande wa pili wa kitu chochote. Kumbe kipimo ni kuangalia kile kilichobaki: kimeachwa katika hali ya kueleweka? Mtu akikikuta kesho, atajua ni nini kilichotoka, kilitokaje, na mzigo sasa umekaa juu ya nini?

Kipimo hiki kinafika mbali kuliko magari. Kule Macalder, hapa hapa Migori, kampuni ilichimba shaba na dhahabu enzi za ukoloni na kidogo baada ya uhuru, kisha ikafunga ikaondoka. Dhahabu iliyotoka ilipimwa na kuandikwa, nina hakika, gramu kwa gramu. Lakini mashimo yalibaki, na hadi leo vijana na akina mama wanachimba mabaki kwa mikono na kuosha kwa zebaki kwa vidole vitupu. Alama ilikuwa upande mmoja. Hakuna anayesema kampuni iliiba, leseni ilikuwepo, ruhusa ilikuwepo. Nauliza tu lile swali la mama: mkishatoa, itasimama?

Nimewahi kuwa upande uliobaki pia. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda nyumbani. Nilipoomba barua ya kuonyesha masomo niliyomaliza na kufaulu, ili siku moja nianzie hapo mahali pengine, niliambiwa mpaka deni lote liishe. Deni ni langu, silikatai. Lakini miaka miwili na nusu ya kazi yangu imekaa kwenye kabati la ofisi fulani, na mimi niko huku bila nusu ya mkwaruzo. Walioniondoa walikuwa na haki ya kuniondoa. Ila walinikata kwa koleo, na kufungua ilikuwa kazi ya karatasi moja.

Sitaki kufanya alama iwe dawa ya kila kitu. Kuna mambo hayarudi hata ukiyapiga alama mia. Fimbo ya kushoto imezoea kujipinda kushoto, ukiipeleka kulia itakukatalia, na watu wako hivyo pia, na ndoa, na lugha, na mashamba. Alama haiahidi kwamba kitu kitarudi. Inasema tu kwamba aliyetoa alikiri kuna mtu mwingine. Pengine mtu huyo hatakuja kabisa. Beetle ile haitapata vyuma vingine, mama anajua, fundi anajua. Nusu ile ya mkwaruzo itakaa kwenye ekseli mpaka kutu iimeze. Nilimuuliza fundi kwa nini basi alihangaika kuipiga upande ule uliokuwa unabaki, wakati mnunuzi alihitaji upande wake tu.

“Sasa nipige nusu?” akaniuliza, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mlango una pande mbili. “Tindo haipigi nusu.”

Sidhani kwamba alikuwa anajaribu kuwa mwanafalsafa. Ni vile kazi inavyofanywa. Lakini naona ndani yake kuna maadili mazima ambayo mtu anaweza kuishi nayo, na hayahitaji tujue nia za watu wala kusubiri mahakama. Kila mmoja wetu atatoa kitu mahali fulani: atahama nyumba, ataacha kazi, atavunja ushirika, atagawa shamba la baba, atamwacha mtu. Mara nyingi itakuwa halali, na mara nyingine itakuwa lazima. Kabla ya kulegeza nati ya kwanza, sugua kutu uone vyuma viwili vinakutana wapi. Piga alama ipite juu ya vyote viwili. Halafu chungulia chini uone kilichokuwa kinabebwa, na kama kuna watoto wanaocheza hapo, tafuta stendi kwanza.